Tuijue Michezo: Skiti, Mchezo wa Kupiga Visahani

Katika safu hii leo nataka twende mbali kidogo, mpaka nchi ya Marekani, tukautazame mchezo ambao wengi wenu hamjapata kuuona kwa macho. Jina lake ni skiti, nao ni mchezo wa bunduki. Najua bunduki ikitajwa nyumbani akina mama hukunja uso, nao wana haki. Lakini naomba msome mpaka mwisho, kwa maana katika mchezo huu sehemu kubwa ya sheria imewekwa kwa ajili ya mtu asiyeshika bunduki: jirani, mpita njia, na mtazamaji aliyeketi nyuma.

Mchezo wenyewe ni huu. Mtu husimama mahali palipopimwa, ameshika bunduki ya marisau, yaani ile itoayo chembe nyingi ndogo za risasi kwa pamoja, wala si risasi moja. Anapaza sauti. Mara mtambo uliofichwa ndani ya kibanda unarusha kisahani hewani, kinapita mbele yake kwa kasi huku kikizunguka. Akikivunja, apata alama moja. Asipokivunja, hapati kitu. Hufanya hivyo mara 25, akihama kutoka kituo hata kituo, na vituo ni 8. Aliyevunja visahani vingi ndiye mshindi.

Kwa nini visahani? Zamani hawakupiga visahani bali njiwa walio hai. Njiwa alitiwa ndani ya sanduku, kamba ikavutwa, kifuniko kikafunguka, naye akaruka kuitafuta mbingu, na papo hapo akapigwa. Hata katika mashindano ya Paris ya mwaka 1900 njiwa hai walipigwa mbele ya watazamaji. Watu wengi walichukizwa na jambo hilo. Wengine wakajaribu kurusha tufe za kioo badala ya njiwa, lakini wazia shamba lililojaa vigae vya kioo! Ndipo mwaka 1880 George Ligowsky, mtu wa mji wa Cincinnati huko Marekani, alipotengeneza kisahani cha udongo kilichoweza kuruka kwa kujizungusha. Hata leo wenyewe hukiita njiwa wa udongo, ingawa udongo haumo tena. Kisahani cha siku hizi ni unga wa mawe ya chokaa uliochanganywa na lami au kitu kingine cha kunata, kikakauka. Upana wake ni kama sentimita 11, na uzito wake gramu 105 hivi, kadiri ya mayai mawili ya kuku. Ukikiangusha juu ya jiwe kitavunjika, lakini kimetengenezwa kistahimili nguvu za mtambo unaokirusha.

Na desturi ya kuvuta kamba haikupotea kabisa. Mpigaji akiwa tayari, neno analopaza mpaka leo ni kama kusema "Vuta!", hata kama siku hizi hakuna kamba bali ni mtu mwenye kubonyeza kitufe.

Sasa tuje kwenye skiti yenyewe. Katika mji wa Andover, jimbo la Massachusetts, aliishi Bwana Charles Davis, mfugaji wa mbwa na mwindaji hodari wa ndege wa porini wa jamii ya kware. Ndege hao wana tabia ya kuruka ghafula kutoka kichakani, mara upande huu, mara upande ule, na mwindaji hana nafasi ya kufikiri. Msimu wa kuwinda nao ni mfupi. Basi Bwana Davis, pamoja na mwanawe Henry na rafiki yao kijana, William Harnden Foster, wakatafuta njia ya kujizoeza mwaka mzima. Yapata mwaka 1920 walikuwa wamekwisha kuchora duara kubwa shambani, kutoka katikati mpaka ukingoni yadi 25. Wakaligawa duara hilo kama uso wa saa, vituo 12. Mtambo wa kurushia wakauweka mahali pa juu, penye namba 12, urushe visahani kuelekea penye namba 6. Mpigaji alizunguka duara lote, risasi mbili kila kituo, jumla 24, na ya 25 akaipiga akiwa amesimama katikati. Kwa nini 25? Kwa sababu sanduku moja la risasi lilikuwa na risasi 25, nao hawakutaka moja ibaki bure. Wakauita mchezo wao "kupiga kuzunguka saa".

Ukiliwazia duara hilo utaona kasoro yake mara moja. Anayezunguka duara zima hupiga pande zote za dunia. Hapakuwa na mahali pa kuketi mtazamaji. Tena haikupita muda, jirani wa shamba lile akaanza kufuga kuku.

Hapo napapenda. Shamba lilikuwa la Davis, na mchezo ulikuwa umemtangulia jirani na kuku wake. Wangeweza kushupaa, mambo yakaishia barazani. Badala yake mwaka 1923 waliukata uwanja nusu. Walichukua mtambo wa pili wakauweka penye namba 6, ukitazamana na ule wa kwanza, na wapigaji wakabaki katika nusu moja tu ya duara. Kisahani kikawa chaweza kuja kutoka kushoto au kutoka kulia, hivyo pembe zote za zamani zikapatikana bila ya kumgeuzia jirani mtutu. Marisau yote yakaenda upande mmoja, kwenye eneo tupu. Na mpaka leo uwanja wa skiti una umbo lile lile la nusu duara, duniani kote. Wasingekuwapo kuku wale, huenda mchezo huu ungebaki shambani kwa Davis tu.

Mwaka 1926 Foster, ambaye sasa alikuwa mhariri wa gazeti la wawindaji, aliutangaza mchezo huo kwa wasomaji na kuahidi dola 100 kwa atakayeupa jina zuri. Barua zikamiminika. Aliyeshinda ni mwanamke, Bibi Gertrude Hurlbutt wa Dayton, katika jimbo la Montana. Alipendekeza neno ambalo sisi twalitamka skiti, nalo likaelezwa kuwa ni neno la kale la watu wa Skandinavia lenye maana ya kupiga.

Sasa chukueni kamba na vigingi. Uwanja wa skiti haueleweki kwa maneno matupu, lakini mtoto wa darasa la tano aweza kuuchora uani mwenu katika muda wa kuchemsha viazi. Badala ya kila yadi ya uwanja wa kweli tutatumia shubiri moja. Upimaji wote ufanywe na mkono wa mtu mmoja, maana shubiri ya baba si shubiri ya mtoto.

Piga kigingi cha kwanza. Hapo ndipo katikati ya duara. Funga kamba ya shubiri 21, ivute mpaka ikaze, kisha tembea nayo ukichora upinde mrefu ardhini. Sasa simama nyuma ya upinde huo ukikitazama kigingi. Kutoka kigingini rudi kuelekea kwako shubiri 6, piga kigingi cha pili. Kupitia kigingi hiki cha pili chora mstari ulionyoka, wa kukingama mbele yako, kushoto na kulia, mpaka uguse upinde pande zote mbili. Pima mstari wote. Ukiwa umefanya vizuri utapata shubiri 40 na robo. Ukipata zaidi au pungufu, mstari wako umepinda, anza tena.

Mwisho wa kushoto wa mstari ndio kituo cha 1. Mwisho wa kulia ni kituo cha 7. Upinde ulio kati yao, upande wako, ugawe sehemu 6 zilizo sawa, nawe utapata vituo vya 2, 3, 4, 5 na 6. Kituo cha 4 kitaangukia katikati kabisa ya upinde. Kigingi cha pili, kile cha juu ya mstari, ndicho kituo cha 8. Katika uwanja wa kweli yadi 21 ni meta 19 na kidogo, na ule mstari wote una urefu wa karibu meta 37.

Vimebaki vibanda viwili. Kushoto, nyuma ya kituo cha 1, weka kibanda cha juu. Kulia, nyuma ya kituo cha 7, weka kibanda cha chini. Majina hayo yatokana na mlango wa kisahani: katika kibanda cha juu hutokea futi 10 kutoka ardhini, katika kile cha chini futi 3 na nusu tu. Lakini visahani vyote viwili hutakiwa kupita juu ya kile kigingi cha kwanza, kwa kimo cha futi 15. Wenye uwanja wakitaka kupima mtambo wao husimamisha mti mrefu hapo wenye pete ya upana wa futi 3, na kila kisahani lazima kipite ndani ya pete. Kwa hiyo kisahani cha kibanda cha juu huinuka kidogo tu, na cha kibanda cha chini hupanda kwa nguvu kama kware aliyekurupushwa.

Tazameni tena mchoro wenu mtaona jambo la ajabu. Kutoka kituo cha 1 mpaka cha 7, kila mpigaji yupo umbali ule ule mmoja, yadi 21, kutoka mahali visahani vinapopishana. Hakuna kituo cha karibu wala cha mbali. Kinachobadilika ni pembe peke yake. Ukiwa kituo cha 1, kisahani cha kibanda cha juu hutoka juu ya kichwa chako na kukukimbia. Cha kibanda cha chini hukujia usoni. Ukiwa kituo cha 4 vyote hukukatiza mbele, kama baiskeli ikivuka njia. Kituo cha 8 peke yake ndicho chenye umbali mwingine: yadi 6 tu, na kisahani hupita karibu nawe upesi kiasi kwamba mgeni hudhani hakiwezi kupigwa. Hupigwa, tena sana.

Wapigaji huingia uwanjani kwa kundi, kwa kawaida watano, nao hupokezana kituo kwa kituo. Kwa sheria za Marekani, katika vituo vya 1, 2, 6 na 7 kila mtu hurushiwa visahani vinne: kwanza kimoja cha kibanda cha juu, kisha kimoja cha kibanda cha chini, halafu viwili kwa pamoja kutoka vibanda vyote. Katika viwili vya pamoja, akiwa kituo cha 1 au cha 2 ataanza na kile cha kibanda cha juu. Akiwa cha 6 au cha 7 ataanza na cha kibanda cha chini. Yaani huanza na kile kinachomkimbia, kisha hugeukia kile kinachomjia. Katika vituo vya 3, 4, 5 na 8 hurushiwa viwili tu, kimoja kimoja. Wanafunzi, jumlisheni: vituo vinne mara visahani vinne ni 16, na vituo vinne mara visahani viwili ni 8. Jumla 24.

Kisahani cha 25 kina utaratibu wake. Mpigaji anapokosa kwa mara ya kwanza, hurudishiwa kisahani kile kile papo hapo, na risasi hiyo ndiyo ya 25. Asipokosa kabisa mpaka mwisho, hupigia ya 25 katika kituo cha 8, kwa kisahani cha kibanda cha chini. Kwa hiyo aliyekosa hupewa nafasi ya kujisahihisha, lakini kule kukosa kwake kumeandikwa, wala hakufutwi.

Katika Michezo ya Olimpiki uwanja ni huo huo, ila taratibu ni kali zaidi. Visahani hutupwa mbali zaidi, meta 68 hivi badala ya 55 za Marekani, kwa hiyo vina kasi zaidi. Viwili vya pamoja ni vingi. Tena mpigaji haruhusiwi kungoja na bunduki begani. Kitako chake lazima kiwe chini, karibu na kiuno, kikigusa utepe ulioshonwa juu ya koti lake, mpaka kisahani kitokee. Naye akishapaza sauti hajui kitatokea lini: chaweza kutoka mara hiyo, chaweza kukawia mpaka sekunde 3. Wamarekani kwao waliacha sharti la kushusha bunduki miaka mingi iliyopita, na wapo wazee wa mchezo wanaosikitika mpaka leo, wakisema kwamba ndege wa porini hamngoji mtu aweke bunduki begani.

Kila mvulana aliyewahi kushika manati anaijua siri ya kupiga kitu kirukacho. Ukimlenga ndege anayeruka pale pale alipo, jiwe litapita nyuma ya mkia wake, maana wakati jiwe linasafiri na yeye anasafiri. Lazima ulenge mbele yake. Bunduki ina kasi nyingi kuliko manati, lakini hesabu ni ile ile. Kutoka kituo cha 4 marisau huchukua kama sehemu 6 kwa 100 za sekunde moja kufika penye kisahani. Ni muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Lakini katika muda huo kisahani kimekwisha kwenda zaidi ya meta moja. Basi mpigaji hulenga hewa tupu iliyo mbele ya kisahani, kadiri ya hatua moja ndefu, na, jambo gumu kuliko yote, hataruhusu mikono yake isimame anapofyatua. Akisimama tu, amekosa. Wakati wa vita kuu ya pili jeshi la Marekani liliutumia mchezo huu kuwafundisha wapiga mizinga wa ndege somo hilo hilo.

Mwamuzi ndiye mwenye neno la mwisho. Ili kisahani kihesabiwe kimevunjika lazima kipande kionekane kwa macho kikitoka. Vumbi halitoshi. Mara nyingine marisau hupangusa vumbi la kisahani, kikaendelea na safari yake kizima, mpigaji akajisifu, na mwamuzi akaandika sifuri. Kisahani kikitoka mtamboni kimekwisha kuvunjika hakihesabiwi, hurushwa kingine, hata kama mpigaji amekifyatulia. Na kisahani lazima kivunjwe kabla ya kupita mpaka wa yadi 44 kutoka kibanda chake, yaani katika muda wa sekunde 2 hivi. Katika kituo cha 8 lazima kivunjwe kabla ya kupita mstari wa katikati, kwa kuwa mpigaji akigeuka kukifuata zaidi ya hapo mtutu wake utaelekea mahali pasipofaa.

Na hapo nafika kwenye sheria nisizotaka mzisahau hata mkisahau nyingine zote. Bunduki ya skiti huwa tupu na imefunguliwa, mtutu umekunjwa au mlango wake uko wazi, wakati wote mwenyewe asipokuwa kituoni kwake. Akitembea, iko wazi. Akizungumza na rafiki, iko wazi. Risasi hutiwa tu akiwa amesimama kituoni, zamu yake imefika, mtutu unaelekea uwanjani, na haziruhusiwi zaidi ya mbili. Mtu yeyote asiende mbele ya mpigaji. Mtambo ukiharibika, wote hufungua bunduki kabla fundi hajaingia kibandani. Kila mtu, hata mtazamaji aliye karibu, huvaa miwani na kuziba masikio. Na eneo la mbele, kadiri ya yadi 300, halitakiwi kuwa na nyumba wala njia ya watu. Anayevunja sheria hizo hapunguziwi alama tu. Aweza kutolewa uwanjani hata kama ndiye bingwa.

Angalieni kwamba sheria haiulizi kama bunduki ina risasi au haina. Haimwamini mtu asemaye "haina kitu hii". Bunduki iliyofunguliwa kila mtu aiona kwa mbali kuwa ni tupu, bila ya kuuliza. Baba uliye na kibali cha bunduki kwa ajili ya nguruwe na nyani wanaoharibu mahindi, hilo laweza kufanyika hata nyumbani kwako leo jioni. Ifungue, itoe risasi, hizo zifungie mahali pengine na ufunguo ukae kwako. Maneno "nilidhani ni tupu" yamesemwa juu ya maiti za watoto wengi, katika nchi nyingi.

Liko jambo jingine ambalo wapenzi wa mchezo huu hawapendi sana kulitaja. Marisau yametengenezwa kwa risasi, yaani ile madini nzito, nayo ni sumu. Katika skiti ya Olimpiki risasi moja haizidi gramu 24 za marisau. Zidisha kwa 25, utaona mtu mmoja kwa mzunguko mmoja huacha gramu 600 ardhini. Wapigaji kumi huacha kilo 6. Fanya hivyo kila juma kwa miaka. Ninyi mfugao kuku mnajua kwamba ndege humeza vijiwe vidogo ili firigisi ipate kusaga chakula. Bata wa mwituni humeza marisau wakidhani ni vijiwe, wakafa polepole. Kwa sababu hiyo tangu mwaka 1991 Marekani imekataza marisau ya risasi katika kuwinda bata na mabata bukini, wakapaswa kutumia ya chuma au madini mengine. Viwanja vya skiti vingi vingali vikiyatumia, ingawa vingine huchimbua udongo na kuyachekecha ili yauzwe tena. Na visahani vilivyotengenezwa kwa lami ya makaa ya mawe si salama: nguruwe walioachwa kula vipande vyake wamewahi kufa kwa maini kuharibika. Kumbe jirani wa Bwana Davis alikuwa na sababu nyingi kuliko alizozijua.

Tumalizie na Olimpiki, ambako skiti iliingia mwaka 1968 katika mji wa Mexico. Mshindi wa kwanza alikuwa Yevgeni Petrov wa Umoja wa Kisovyeti, kwa visahani 198 kati ya 200. Wakati huo hapakuwa na shindano la wanaume na la wanawake. Wote waliruhusiwa kushindana pamoja, ingawa karibu wote waliokuja walikuwa wanaume. Ikawa hivyo miaka mingi.

Mwaka 1992 huko Barcelona alikuja msichana wa miaka 24 kutoka China, jina lake Zhang Shan. Katika visahani 200 vya kwanza hakukosa hata kimoja. Mia mbili juu ya mia mbili. Katika fainali alikosa viwili tu kati ya 25, akawa na jumla ya 223, akawapita wanaume wote. Nyuma yake walisimama Juan Giha wa Peru na Bruno Rossetti wa Italia. Katika historia ya mchezo huu kwenye Olimpiki hakuna mwanamke mwingine aliyepata kufanya hivyo, na sababu yake yaeleweka kwa urahisi: kabla hata ya michezo ile wakuu wa upigaji walikuwa wamekwisha kuamua kuwatenga wanawake na wanaume. Lakini walipowatenga hawakuwatengenezea wanawake shindano lao. Olimpiki iliyofuata, Atlanta 1996, ilikuwa na skiti ya wanaume peke yao. Bingwa wa Olimpiki, aliye hai, mzima wa afya na macho yake, hakuwa na mahali pa kushindania.

Miaka 8 ilipita tangu Barcelona ndipo wanawake wakapewa shindano lao, huko Sydney mwaka 2000. Zhang Shan akaja. Lakini nishani ya dhahabu ilichukuliwa na Zemfira Meftakhetdinova wa Azerbaijan. Mpigaji hawezi kuuweka mkono wake sandukuni kwa miaka 8 kisha autoe ukiwa vile vile. Najua wengine watasema kutenganisha ni haki, na katika mbio au kunyanyua vyuma nitakubaliana nao. Katika skiti mimi sioni. Kisahani hakina nguvu za kushindana nacho. Chataka jicho, utulivu na mazoezi.

Mchezo umeenea tangu hapo. Nchi za Ghuba ya Waarabu zimetoa wapigaji hodari. Nasser Al-Attiyah wa Qatar, ambaye wapenzi wa mbio za magari wanamjua kwa kushinda safari ya Dakar zaidi ya mara moja, alipata shaba ya skiti London mwaka 2012. Abdullah Al-Rashidi wa Kuwait alipata shaba Rio mwaka 2016, akaipata tena katika michezo ya Tokyo iliyofanywa mwaka 2021, akiwa amepita umri wa miaka 55. Vincent Hancock wa Marekani amepata dhahabu mara nne: 2008, 2012, 2021 na 2024.

Yule Bruno Rossetti, aliyepata shaba nyuma ya Zhang Shan mwaka 1992, alikuwa na mwana, Gabriele. Kijana huyo alifuata kazi ya baba yake, na mwaka 2016 huko Rio akapata dhahabu ya skiti. Mwaka 2024 huko Paris kulifanywa kwa mara ya kwanza shindano la skiti la watu wawili wawili, mwanamume na mwanamke wa nchi moja, alama zao zikijumlishwa pamoja. Italia ilishinda. Waliosimama vituoni kwa ajili yake walikuwa Diana Bacosi na Gabriele Rossetti.